Mlio wa Namba Tisa

Landrova ilitumbukia mtaroni Jumanne saa tatu asubuhi. Ilipofika saa tatu na nusu hali ilikuwa hivi: watu watatu, mguu mmoja umevunjika, maji lita tatu. Kijiji walichotoka alfajiri kilikuwa nyuma yao kilomita sitini, na hakuna mtu aliyekuwa akiwangojea popote mpaka Jumamosi.

Mtaro wenyewe ulichimbwa na watafuta dhahabu wa miaka ya nyuma. Walichimba kwenda chini kimo cha mtu, hawakupata kitu, wakaenda zao kwenye machimbo ya Rwamgasa bila kufukia. Nyasi zikaota pande zote mbili, zikainama, zikakutana katikati. Mwezi wa tisa, mwaka wa themanini na tatu, mvua ilikuwa imekatika siku nyingi na nyasi zilikuwa kavu, zinafika kiunoni. Sabiti, aliyeendesha magari miaka ishirini na mbili, hakuona mtaro. Aliona nyasi. Kisha akaona udongo mwekundu unamjia usoni.

Alitoka kwanza, kupitia dirishani, amekosa meno mawili ya mbele. Akamvuta Mama Nyamizi aliyekuwa amekaa nyuma kati ya masanduku. Jina lake hasa lilikuwa Limi, mjane wa miaka hamsini hivi, mfugaji kutoka mbuga za Shinyanga, aliyeletwa ili awatambulishe kwa wachungaji. Paji lake la uso lilikuwa limechanika, lakini alisimama mwenyewe. Wa mwisho alikuwa Thobias, bwana mifugo, kijana wa miaka thelathini. Mguu wake wa kulia ulikuwa umebanwa chini ya dashibodi. Walipouchomoa, mfupa wa muundi ulikuwa umechungulia nje ya ngozi.

"Usiangalie," Sabiti akamwambia.

"Nishaangalia," Thobias akasema, akatapika.

Dumu la maji la lita ishirini lilikuwa limetobolewa na jeki. Rejeta nayo ilikuwa imeliwa na feni. Sabiti alilala chini ya gari na sufuria, akaambulia vikombe viwili vya maji ya kutu yenye mafuta juu; hayo wakaoshea jeraha. Mengine ardhi ilikwisha kunywa. Kilichobaki ni kibuyu cha Limi, lita mbili, na chupa ya Thobias, lita moja. Limi alichana khanga yake ya juu, Sabiti akavunja ubao wa sanduku, wakaufunga mguu pande mbili. Thobias aliuma mkanda wa suruali yake mpaka wakamaliza.

"Kilomita sitini," Sabiti akasema. "Peke yangu, siku mbili. Kurudi na gari, siku ya tatu, kama gari lipo na lina petroli."

"Na maji?" Thobias akauliza.

"Nikichukua maji, wewe utakunywa nini? Nikikuachia, nitafia njiani."

Nzi wa mbung'o walikuwa wamekwisha kuisikia damu. Walitua shingoni, mikononi, juu ya shati, wakachoma na kupenya nguo kana kwamba haipo. Hao mbung'o ndio waliowaleta. Mradi wa mifugo ulikuwa umewafunga ng'ombe kumi na mmoja mikanda shingoni, na kwenye kila mkanda kidude cha redio chenye ukubwa wa kiberiti. Kila kidude kilikuwa na namba yake. Ukiiweka mashine ya kusikilizia kwenye namba tano, unamsikia ng'ombe wa tano peke yake: tii, tii, tii. Ukizungusha antena, mlio unakua upande ule aliko. Wakubwa walitaka kujua ng'ombe huumwa na mbung'o sehemu gani ya pori.

"Leteni mashine," Thobias akasema.

Ilikuwa ndani ya sanduku la mbao lililojaa sponji, nzima kabisa. Antena ilipinda mkono mmoja, Sabiti akaunyoosha kwa goti. Thobias alimfundisha kwa dakika kumi: hapa kuwasha, hapa namba, hivi unashika, hivi unageuka polepole. Sabiti akapanda jabali lililokuwa hatua mia moja kutoka mtaroni, akavaa visikilizio masikioni, akazunguka kama mtu anayetafuta kibla. Namba moja, kimya. Mbili, kimya. Alipofika tisa, upande wa kaskazini magharibi, kikalia. Kidogo, lakini kikalia.

Alishuka akionyesha kwa mkono. Thobias alikuwa amefungua daftari lake.

"Namba tisa ni maksai wa Mama Nyamizi. Wiki tatu hajahama. Kila nikipima kutoka barabarani, mstari ni ule ule. Kilomita kumi, kumi na mbili kutoka hapa. Mnajua maana yake?"

"Amekufa," Sabiti akasema.

"Angekufa, fisi wangeuburura mkanda. Yupo kwenye maji. Kiangazi hiki ng'ombe hang'ang'anii mahali pasipo maji. Na palipo na maji pana mchungaji."

Wote wawili walimgeukia mwenye maksai. Limi alikuwa anafuta damu usoni, na alichukua muda kabla ya kujibu.

"Yuko kwa Bartholomeo," akasema. "Rafiki wa marehemu mume wangu. Sisi hatuweki ng'ombe wote zizi moja, tunawapeleka kwa watu, ugonjwa au wizi ukija usiwamalize. Kama namba tisa inalia, basi Bartholomeo yupo. Twende."

Sabiti hakupenda muda ule aliouchukua. Lakini hakuwa na mpango mwingine.

Shida ilikuwa kurudi. Pori lile halina mlima wala mto. Ni miyombo na mininga, mti ule ule mbele, mti ule ule nyuma. Mtu akienda hatua elfu moja na kugeuka mara mbili, gari limekwisha kupotea. Thobias ndiye aliyelifikiria hilo. Akatoa mkanda wa akiba, namba kumi na mbili. Ubavuni ulikuwa na sumaku ndogo imefungwa kwa utepe. Sumaku ikikaa, kidude kinalala, ikitoka kinaamka. Akaibandua, akajifunga mkanda shingoni.

"Sasa na mimi ni ng'ombe wenu," akasema. "Msinipoteze. Betri ya mashine imebaki na saa mbili, labda pungufu. Washa, sikiliza, zima."

"Mbung'o watakumaliza, mwanangu," Limi akamwambia. "Koka moshi, uweke majani mabichi juu, kama tunavyofanya zizini." Akamkusanyia kuni mwenyewe, akaziweka karibu na mkono wake.

Sabiti alimwachia chupa na kiberiti. "Kesho jua likifika utosini nitakuwa hapa."

"Na usipokuwa?"

"Ujue nimekufa. Usinilaumu."

"Haya. Shikamoo, Mzee Sabiti."

"Marahaba." Hakutaka kumwangalia ule mguu tena. Yeye ndiye aliyekuwa ameshika usukani.

Walitembea, Limi mbele na kibuyu, Sabiti nyuma na mashine begani. Saa sita jua lilisimama juu ya vichwa vyao na miti, iliyokuwa imepukutisha majani, haikutoa kivuli hata cha kuku. Walikunywa funda moja moja, wakaziba. Kila baada ya nusu saa Sabiti aliwasha, akasikiliza tisa mbele, akasikiliza kumi na mbili nyuma, akazima. Tisa ilikuwa inakua. Kumi na mbili ilikuwa inafifia. Saa nane ulimi wake ulikuwa umenenepa na lile pengo la meno lilikuwa linapiga kama ngoma.

"Mama Nyamizi, pori hili hulijui? Hakuna mzizi wenye maji, hakuna kitu?"

"Mimi ni mtu wa mbuga. Kwetu unaona mgeni tangu asubuhi, anafika jioni. Huku sioni hata miguu yangu."

Saa kumi mlio ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Sabiti alitoa visikilizio masikioni na bado akausikia. Hapo ndipo alipoanza kuogopa. Alitazama chini. Hakukuwa na kinyesi wala alama ya kwato, na majani yalikuwa yamesimama bila kuguswa na mdomo wa mnyama. Mahali ng'ombe alipokaa wiki tatu pangekuwa kama uwanja.

Walimkuta namba tisa juu ya mninga. Si ng'ombe, mkanda. Ulikuwa umefungwa kwenye tawi kwa kamba ya gome la myombo, juu kidogo ya kichwa cha mtu, ukining'inia na kulia kwa bidii yake yote. Tii, tii, tii. Hapakuwa na maji wala mtu.

Sabiti aliunyakua, akautupa chini, akanyanyua jiwe. Limi alimshika mkono. Kisha akakaa chini, palepale, kwenye vumbi.

"Mimi ndiye niliyemwambia auvue," akasema.

"Nini?"

"Mwezi wa saba nilimtumia Bartholomeo salamu. Nilimwambia uvue, uutupe. Leo ulipolia nikafikiri hakuzipata, maksai bado anao shingoni. Ndiyo maana nikasema twende. Wallahi sikujua, baba."

"Na kwa nini uvuliwe?"

"Kwa sababu kule hayupo maksai peke yake. Wako ng'ombe wangu kumi na saba. Mume wangu alipokufa, ndugu zake waligawana zizi lote, mpaka ndama wa kunyonya. Hawa hawakuwajua, walikuwa kwa Bartholomeo. Maksai nilimleta nyumbani kulima kama wa kuazima, akavalishwa mkanda, nami nikampa kijana wa Bartholomeo amrudishe kwa wenzake nikidhani ni kengele tu. Baadaye ndipo nikaambiwa kwamba mkanda unaandikwa kwenye karatasi, na karatasi inasomwa. Ningemwambia nini Thobias? Nina mabinti watatu."

Sabiti alisimama na lile jiwe. "Mama Nyamizi, ungekuwa mwanamume ningekupiga."

"Ungekuwa na mate ungenitemea pia. Huna. Kaa chini tufikiri."

Akakaa. Kweli hakuwa na mate.

"Kwa nini hakuutupa?" akauliza.

"Bartholomeo si mjinga. Mkanda ukinyamaza, mtakuja kuuliza. Ukilia, mtaandika na kwenda zenu. Amekuja kuutundika mbali na boma lake."

"Mbali upande gani?"

Hilo Limi hakulijua. Lakini alisimama, akaenda kwenye shina la mninga, akalizunguka kwa vidole kama anayempapasa ng'ombe mgonjwa. "Ni mtu wa mbuga kama mimi," akasema. "Angepotea. Mtu wa kwetu haingii porini bila kuchanja miti, apate pa kurudia. Tafuta panga lilipopita."

Mninga ukikatwa hutoka damu. Utomvu wake ni mwekundu, hutiririka na kukauka kama kidonda. Sabiti ndiye aliyeuona wa kwanza, hatua thelathini mashariki: mchanjo mmoja, usawa wa kifua, damu nyeusi iliyokauka chini yake. Limi akauona wa pili. Wakafunga namba tisa kiunoni mwa Sabiti, bado kikilia, wakaanza kwenda kutoka kidonda hadi kidonda.

Giza lilipowaziba macho walikaa walipokuwa, migongo kwenye mti mmoja, wakamaliza kibuyu. Kulipopambazuka waliendelea. Midomo ya Limi ilikuwa imepasuka na alikuwa akikosea hatua. Palipokuwa na mininga walikwenda upesi; palipokuwa na miyombo mitupu, gome lilikuwa limeufunika mchanjo, na iliwabidi mmoja asimame kwenye alama ya mwisho wakati mwingine anazunguka kutafuta. Mara mbili Sabiti alianguka. Mara ya pili alilala akaona ni pazuri pale, udongo una ubaridi. Limi alimpiga kofi.

"Inuka. Una mtu."

Saa mbili walizipoteza alama kabisa. Sabiti aliwasha mashine, si kwa sababu ingesaidia, bali asikie kama Thobias bado yupo. Kumi na mbili ilikuwa inalia, mbali sana, kusini. Akazima. Na katika ule ukimya Limi akainua mkono.

"Samadi," akasema. "Samadi inayoungua. Huisikii?"

Yeye hakusikia harufu yoyote. Akamfuata tu.

Kambi ilikuwa kwenye ukingo wa mto mkavu: zizi la miiba, kibanda kimoja, na kisima kilichochimbwa mchangani na ngazi ya magogo. Mzee mmoja alikuwa anajaza hori la kunyweshea. Alipowaona aliacha ndoo ikaanguka.

"Mwangaluka, Bartholomeo," Limi akasema kwa sauti isiyokuwa sauti.

"Limi? Mhola? Mmetoka wapi ninyi?"

Sabiti hakuitikia salamu. Aliingiza kichwa horini. Mzee alimvuta kwa ukosi wa shati, mara moja, mara ya pili, kwa nguvu asizotegemewa kuwa nazo.

"Kidogo kidogo! Utatapika yote, na mimi siteki mara mbili kwa ajili ya mjinga."

Walikunywa kwa kata, kidogo kidogo. Limi akaeleza. Bartholomeo alisikiliza huku akitazama goti lake la kushoto, lililovimba kama boga.

"Nina vijana wawili, wamekwenda na ng'ombe tangu alfajiri. Watarudi jioni. Mimi mwenyewe siwezi kubeba hata mbuzi. Huyo bwana mifugo mtu wa kumbeba atoke wapi?"

"Nitapiga mwano," Limi akasema.

Sabiti, mtu wa mjini Kahama, alijua mwano ni nini: ni yowe la Wasukuma wakati ng'ombe wameibwa. Anayelisikia hulipokea, akalipiga tena ili wa mbali alisikie, kisha akaacha chochote alichoshika na kuja na silaha yake. Haliulizwi. Na kwa sababu haliulizwi, anayelipiga bila wizi hutozwa.

"Watakuchinjia ng'ombe," Bartholomeo akasema.

"Wachinje."

"Ng'ombe yupi? Watauliza wewe una ng'ombe gani hapa. Limi, watakaokuja wana midomo. Shemeji zako watajua kabla mwezi haujaisha. Miaka minne nimekufichia."

Limi alimtazama Sabiti, kisha ile mashine, kisha akatazama zizi. Hakukaa sana kama alivyokaa kule mtaroni. Alipanda kichuguu nyuma ya kibanda, akaweka viganja mdomoni, na lile koo lililopasuka kwa kiu likatoa sauti ambayo Sabiti hakuamini imetoka kwa mtu mmoja. Akalipiga mara tatu. Kimya. Kisha, mbali, mashariki, mtu akalipokea. Kisha mwingine, kaskazini.

Saa sita walikuwa wamefika kumi na wanne, jasho linawatoka, wana mikuki, pinde na marungu, na vijana wa Bartholomeo walikuwa wamewarudisha ng'ombe zizini. Aliyetangulia aliitwa Stanslaus, mtu mrefu aliyevaa koti la jeshi lisilokuwa na vifungo.

"Wezi wamepita wapi?"

"Hakuna wezi," Limi akasema. "Kuna mtu anakufa porini, mguu umevunjika."

Watu walinung'unika. Mmoja alicheka kwa hasira. "Tumekimbia na mikuki kuja kumfunga mtu bandeji?"

"Mayu, mama yetu," Stanslaus akasema, "unaijua sheria."

"Naijua. Maksai wangu yule, mwekundu mwenye baka begani. Mtamchinja mkirudi. Na yule pale ni wangu, na yule, na wote wenye alama ya sikio hili ni wangu, muwaambie mnaotaka kuwaambia. Sasa twendeni."

Hapo ndipo kijana mmoja aliponyoosha mkuki kusini. "Kuna nini kule?"

Moshi. Si wa samadi. Ulikuwa mpana, wa rangi ya kahawia, na ulikuwa unaegemea upande mmoja kwa upepo.

Sabiti aliwasha mashine. Namba kumi na mbili: kimya. Akazungusha antena huku na huku. Kimya. Akaweka tisa, kikamlilia kiunoni. Mashine ilikuwa nzima. Akarudisha kumi na mbili. Kimya.

Hakumwambia mtu yeyote. Akaanza kukimbia.

Walikwenda nusu mbio nusu mwendo, kuufuata moshi moja kwa moja, na saa tisa walikutana na moto wenyewe ukiwa umechoka, unatambaa kwenye nyasi fupi. Wakauruka. Ng'ambo yake pori lilikuwa jeusi. Majivu yalifika kwenye vifundo, magogo yalikuwa yanavuta moshi, na nyayo za Sabiti, kupitia soli ya viatu, zilikuwa zinaungua. Jabali waliliona kwanza, kisha Landrova. Ilikuwa imebaki bati na chuma. Matairi yalikuwa bado yanawaka, moshi mzito. Pale walipomlaza Thobias palikuwa na majivu, na chupa iliyoyeyuka shingo.

Watu walivua kofia. Limi alikuwa ametazama zile kuni alizozikusanya, au mahali zilipokuwa. Kwenye mbuga ng'ombe hula nyasi mpaka ardhi inabaki wazi kama kiganja; unakoka moshi popote, hauna pa kwenda. Alikuwa amemwagiza mtu asiyeweza kusimama akoke moto katikati ya nyasi za kiunoni.

"Mimi tena," akasema.

"Nyamaza," Sabiti akamwambia. Alikuwa amepanda jabali. Aliwasha. Taa ndogo ya mashine, iliyokuwa nyekundu, sasa ilikuwa rangi ya chai. Aliizima namba tisa kwa kuipiga na jiwe, ile ambayo jana alizuiwa kuipiga, ili kwa ukaribu wake isimchanganye. Akaweka kumi na mbili, akaziba masikio kwa viganja juu ya visikilizio, akageuka polepole kama alivyofundishwa.

Hakuna.

Akageuka tena. Kulikuwa na kitu. Hakikuwa mlio, kilikuwa kama mtu anayepumua chumba cha pili. Kikapotea. Akarudi nyuma nusu hatua, kikarudi.

"Kimeungua hicho, mzee," Stanslaus akasema kutoka chini. "Hata watu huungua, sembuse redio."

"Kilichoungua hakilii."

Alishuka akiwa ameinyoosha antena mbele. Ule mlio ulimpeleka si kwenye gari bali kando, sambamba na mtaro, hatua hamsini, hatua mia. Hapo ukakatika. Taa ilikuwa inazimika. Alisimama, na katika kukata tamaa mikono ikalegea, antena ikainama ikatazama chini.

Tii!

"Yuko chini!" akapiga kelele. "Yuko mtaroni! Chimbeni!"

Mashine ikafa palepale mkononi mwake. Haikuhitajika tena. Mwisho wa mtaro, pale ulipokuwa na kina zaidi, udongo ulikuwa umeporomoka, na katikati ya udongo kulikuwa na kiatu. Watu kumi na wanne waliingia kwa mikono, kwa mikuki, kwa marungu. Walimtoa mweusi kwa masizi na mwekundu kwa udongo, nywele zimeungua upande mmoja, mkanda shingoni. Alikuwa amejiburura hatua mia moja kwa viwiko kabla ya moto kumfikia, kisha akajiangushia ukingo wa mtaro mwilini.

Limi alimwekea kibuyu mdomoni, kidogo kidogo. Thobias alimeza, akafungua jicho moja, akamtafuta Sabiti.

"Umechelewa," akasema. "Jua limepita utosini."

"Nilipitia kwa watu."

"Na maksai? Alikuwa kwenye maji?"

"Alikuwa juu ya mti," Sabiti akasema, na akajikuta analia mbele ya watu wenye mikuki.

Walikata nguzo mbili, wakafunga makoti na khanga, wakambeba kwa zamu, wanne wanne, usiku kucha, kuelekea Rwamgasa kwa njia za mkato walizozijua wao. Mguu ulikuwa umeanza kunuka. Walifika Alhamisi kabla ya adhuhuri. Wachimbaji walitoka kwenye mashimo na taa zao vichwani wakaja kumtazama, na mfanyabiashara mmoja akamwaga mahindi kutoka kwenye lori lake bila kuambiwa mara mbili. Jioni Thobias alikuwa hospitali.

Safari ile iligharimu haya. Mguu wa kulia wa Thobias, chini ya goti, na vidole viwili vya mkono wa kushoto. Landrova moja. Meno mawili ya Sabiti, na udereva wake. Alijaribu mara tatu kushika usukani mwaka ule, na kila mara nyasi zilipogusa bampa alisimamisha gari akashuka. Maksai mmoja, aliyeliwa na watu kumi na wanne siku ya Jumamosi. Na wiki ya tatu shemeji zake Limi walifika kwa Bartholomeo wakiwa watatu, na fimbo. Waliswaga ng'ombe kumi na sita. Ndama wa mwisho alikuwa na siku nne, hajaweza kutembea vizuri, huyo walimbeba.